Shikamoo ya Kisimani Puge

Kornel alikuwa mrefu tangu utotoni, na sisi tukadhani urefu ni umri. Shuleni misheni alidai shikamoo kwa kila mtoto. Ukichelewa, anakusokota sikio mpaka unasikia kengele ya kanisa siku isiyo Jumapili. Mimi Justus, sikio langu la kushoto limekaa upande hadi leo. Lakini aliyeandamwa hasa ni Bertila, msichana mdogo wa umbo, ambaye Kornel alimbatiza Kifaranga.

Tukakua. Kufika mwaka 1950 Kornel alikuwa na ng'ombe na ndevu, na bado Bertila alimwamkia. Salamu ile haikuwa ya bure. Kisima chetu cha Puge, pale wapagazi wa misafara walipotua mizigo zamani, kina desturi yake: mkubwa kwa umri huchota kwanza. Na kiangazi, ikifika saa tatu ni tope tupu. Basi kila asubuhi Kornel alinywesha ng'ombe wake, halafu Bertila akampelekea mama yake mgonjwa nusu ndoo ya maji ya udongo.

Ndipo Bertila akachumbiwa. Katekista alifungua kitabu cha ubatizo apate kuandika tangazo la ndoa, akamsomea siku yake ya kuzaliwa. Bertila akaomba asomewe na ya Kornel. Kisha akaomba irudiwe. Aliponieleza njiani, mimi, shujaa wa watu, nikamshauri anyamaze.

Kesho yake kisimani kulijaa watu, Eustadia, mama yake Kornel, akiwamo. Kornel akafika na ng'ombe wake, akauliza kama Kifaranga ameisahau salamu nyumbani.

Bertila akatua ndoo.

"Naingoja yako, mdogo wangu."

Watu wakacheka, Kornel kuwashinda wote. Akasogea, akanyoosha mkono kuelekea sikio lake. Zamani Bertila angeinama. Safari hii hakuinama.

"Nzige walipoingia, mimi nilikuwa natambaa," akasema. "Wewe ulikuwa bado tumboni. Imeandikwa kanisani, na mama yako huyu hapa. Muulize."

Mkono ukabaki hewani. Eustadia akajifunga upya kanga yake, taratibu.

"Ni kweli," akasema. "Huyu nilimbeba mgongoni nikiwa na mimba yako. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Sijawahi kuona mtu mrefu akipungua namna ile. Kornel akawatazama ng'ombe, akamtazama mama yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu Bertila bila kucheka, akatumbukiza ndoo kwenye maji maangavu.

Babu zetu walibeba pembe za ndovu hadi pwani, tena wakiimba. Sidhani kama walibeba mzigo mzito kuliko maneno yale ya Bertila.

Nami nikapata moyo, nikakimbilia kwa katekista anisomee ukurasa wangu. Kumbe Kornel kanizidi siku nne. Basi namwamkia hadi leo, ila Bertila namwamkia kwanza.