Gita Refu la Okwara

Nimezurura sana, Sio Port mpaka Jinja na kurudi, na kote huko kazi yangu ilikuwa kupiga chupa ya Fanta. Unapitisha msumari kwenye yale matuta ya chupa, mpiga gita anapata mwendo, watu wanacheza.

Mwaka wa sitini na nne nilikuwa Busia na Okwara. Yeye aliimba, mimi nikawa kwa chupa, na mpiga gita wetu alipata kazi kiwandani Jinja akatuachia harusi ya Jumamosi pale Malaba bila mpigaji.

Ndipo akaja Asio, mwanamke wa Malaba aliyeuza nyanya sokoni. "Mzee, mimi napiga," akamwambia Okwara. Alikuwa na gita dogo alilochongewa na mjomba wake. Akapiga, na vidole vyake vilikwenda vizuri mpaka nikasahau msumari wangu.

"Vidole ni vizuri," Okwara akasema, "lakini hicho kidude ni nzi ndani ya kibiriti. Harusi ina watu. Utapiga langu. Na ukishindwa mpaka Alhamisi, namchukua Wabwire."

Wabwire alikuwa shemeji yake. Alijua wimbo mmoja, na hata huo alikuwa haumalizi. Lakini Asio hakucheka. Pale kwao Malaba walikuwa wamemwambia hakuna harusi itakayochezwa kwa gita la mwanamke, na yeye alitaka wamwone ameketi kwenye kiti cha mpiga gita.

Sasa, gita la Okwara lilitoka Kampala na shingo yake ilikuwa ndefu kama ya twiga. Nyuzi zilinyooka mbali, kutoka kile kidaraja cha tumboni mpaka kichwani. Sauti yake ilikuwa kali, inang'aa. Lakini vile vyuma vya shingoni, vinavyogawa sauti, vilikaa mbali kimoja na kingine, na kidole kidogo cha Asio kilikuwa hakifiki. Tena nyuzi zilikuwa ngumu. Siku ya pili vidole vilikuwa vimevimba.

Tukaenda kwa Bashir, fundi wa vitanda na milango. Okwara alikubali huku akinung'unika. Bashir akalitazama gita, akapima kwa shubiri.

"Dada, hii ni kama kamba ya kuanika nguo. Kamba ni ndefu? Sogeza nguzo."

Akabandua kidaraja, akakigandisha karibu na tundu. Gundi ilipokauka, Asio akakwangua nyuzi bila kubonyeza. Tamu kabisa. Bashir akatabasamu. Kisha Asio akabonyeza, na kila alipobonyeza sauti ilitoka kando ya njia, kama walevi wanaoimba kanisani. Vyuma viliwekwa kwa ule urefu wa zamani. Kidaraja kilihama, vyenyewe vikabaki. Na nafasi zilikuwa pana vilevile, kwa hiyo kidole hakikupumzika hata kidogo.

Okwara akatukuta. Akasikiliza. "Mmeniulia ng'ombe."

"Hajafa, mzee," Bashir akasema. "Amehama tu. Nitamrudisha."

Akakirudisha kidaraja mahali pake. Alhamisi ikafika, Asio amekaa kwenye ubao wa Bashir, gita mapajani, anazitazama zile nafasi bila kupiga.

"Huku kichwani ndiko kupana," akasema. "Ukishuka zinabanana. Bashir, ulikosea nguzo. Ya kusogeza ni ya huku kichwani."

Akaomba penseli na kipande cha mpira wa baiskeli. Jambo hilo tulilijua sote: unafunga penseli juu ya nyuzi, wimbo unapanda kumfuata mwimbaji. Akaifunga nyuma ya chuma cha tatu.

"Sasa umenipandisha huko juu," Okwara akasema. "Niimbe kama jogoo?"

"Ngoja, mzee."

Akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wimbo ukarudi pale pale kwenye koo la Okwara. Hakuna aliyewahi kufikiria hivyo. Kwetu penseli ilikuwa ya kupanda. Kupanda halafu ushuke ilikuwa kama kudandia lori la Tororo na kuteremka kabla halijaondoka.

Kidole kikafika. Nyuzi zikawa laini. Sauti nayo ikabadilika, ikawa nene, ya mviringo, ule mng'ao ukaisha. Akikwangua kwa nguvu, nyuzi zilizolegea zinagonga vyuma: zzzz.

"Nyuki," Okwara akasema.

"Ndiyo maana nitapiga polepole. Na huyu wa chupa apunguze fujo."

Jumamosi nikaacha msumari, nikatumia kijiti. Mwanzo watu wa nyuma hawakusikia kitu, wakapiga kelele. Bibi mmoja, Zilpa, akawageukia: "Nyamazeni, gita linaongea." Wakasogea. Wakasogea tena, mpaka vumbi la wachezaji likawa kwenye viatu vyetu.

Wakati wa chakula Wabwire akaja, nywele zimepakwa mafuta. "Shemeji, niwasaidie kidogo." Akalichukua gita, akaitoa penseli. Nyuzi zikaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Akakaza huku, akalegeza kule, jasho likamtoka, na ule wimbo wake mmoja haukupatikana.

Asio alinyoosha mkono tu, akangoja.

Okwara akatazama huyu, akatazama yule. Akalichukua gita kutoka kwa shemeji yake, akampa Asio.

"Wabwire," akasema, "wali uko kule nyuma. Nenda kabla haujaisha."

Asio alikuwa tayari anaifunga penseli kwa ule mpira.