Sabuni Tamu

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kufungwa. Ana miaka minne, na tangu anapofumbua macho mpaka anapolala anaongea: na mimi, na baba yake, na ndoo, na kiatu kimoja kilichopotelewa na mwenzake. Watu huniuliza kama hanichoshi. Hanichoshi. Kinachonitisha ni akinyamaza. Chiriku akinyamaza, ujue kifua kimembana, na hapo ndipo naikimbilia pampu.

Pampu ni jina letu la nyumbani la kile kidude cha bluu wanachovuta wenye pumu. Alikibatiza yeye mwenyewe. Unabonyeza, kinasema "pfff", anavuta, anabana pumzi huku akihesabu vidole, na baada ya muda anaendelea kunieleza habari za ndoo kutoka palepale alipoachia. Mgongoni kina kidirisha chenye namba ya mivuto iliyobaki. Kikiwa kipya husoma mia mbili. Siku ninayoanzia hadithi hii kilisoma kumi na nne.

Na pampu mpya, katika duka la dawa la mtaani kwetu, ilikuwa mshahara wangu wa siku nne. Mimi ni dobi. Siku nne za pasi ni mashati mengi sana, mengine ya watu wasiojua kutoa kalamu mfukoni.

Jioni huwa naenda darasani, kumalizia masomo niliyoyaacha zamani, kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti ya watoto. Alhamisi ile nilimweleza habari za pampu dereva wa lori anayekaa nyuma yangu. Akacheka.

"Mama yangu naye ana pumu. Dawa yake namnunulia ng'ambo ya mpaka. Kule ni robo ya bei ya huku."

"Robo?"

"Robo, dada. Dawa ni ileile, inafanya kazi ileile."

"Kwa nini sasa?"

"Mimi naendesha lori. Muulize mwalimu."

Mwalimu wa hesabu akasema hilo si swali la hesabu, tufungue ukurasa wa arobaini.

Nilirudi nyumbani nimejaa matumaini, maana ninaye mtu anayekwenda huko: shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi anauza mabeseni. Kila Ijumaa anavuka kuchukua mzigo, Jumapili anarudi. Hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Ukimwambia saa nne, anakujibu, "Fanya tatu na nusu."

Asubuhi yake nikamwahi kabla hajaondoka. Nilikuwa nimemwandikia jina la dawa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa kama zilivyo kwenye boksi: PUMZILIN.

"Shangazi, shikamoo. Nenda duka la dawa, uwaonyeshe hii. Ni pampu ya bluu, ya kuvuta, ya mtoto."

"Marahaba. Ya bluu, ya kuvuta, ya mtoto." Akaipachika karatasi kifuani. "Yaani mwanangu, wewe leo ndiye wa kunifundisha mimi kununua?"

Ijumaa Chiriku alivuta mara mbili. Jumamosi palikuwa na vumbi, akavuta mara nne. Jumapili mchana kidirisha kilisoma nane, nami nilikuwa mlangoni kila baada ya dakika tano, nikijifanya naanika.

Shangazi akatokea na mabeseni kichwani na uso wa mshindi.

"Nimeipata!" akaanza kupiga kelele akiwa bado mbali. "Tena nimemshusha bei mpaka akaniuliza kama nina huruma!"

Akatua mzigo, akaingiza mkono kwenye beseni la juu, akatoa pampu. Ya bluu. Ndefu kama mkono wangu. Ina mpini wa mbao na mpira mwembamba wa kuchomeka kwenye tairi.

Niliitazama juu hadi chini. Baba Chiriku aliyekuwa anakula aliganda, tonge likiwa njiani.

"Shangazi," nikasema polepole, "hii ni pampu ya baiskeli."

"Ni ya bluu?"

"Ya bluu."

"Nilimuuliza muuzaji, 'Ni ya kuvuta?' Akasema, 'Unavuta, kisha unasukuma.' Nikamuuliza, 'Mtoto anaiweza?' Akasema, 'Hata mtoto anaiweza.' Sasa kosa langu liko wapi?"

Baba Chiriku akaacha tonge, akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka.

"Ulidhani mtoto ataiwekaje mdomoni?" nikauliza.

"Nilijiuliza njia nzima! Nikasema moyoni, haya ni mambo ya wasomi, nisiingilie."

Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Chiriku alikwishainyakua pampu na kuanza kumpuliza shangazi sikioni, huku akimwuliza kama anasikia baridi. Nikaendelea kucheka, kisha nikajikuta machozi yamebadilika na kuwa ya aina nyingine. Nane. Na vumbi la kesho lilikuwa bado halijaja.

Shangazi akaniona. Akakaa chini, sauti ikashuka.

"Kwenye duka la dawa nilikwenda, mwanangu. Usidhani sikwenda. Nikamwonyesha yule kijana karatasi yako. Akaisoma, akasema, 'Hii hatuna.' Kisha akataka kuniuzia sabuni."

"Sabuni?"

"Sabuni! Mimi namwambia mtoto kifua kinambana, yeye ananiambia, 'Chukua sabuni tamu, mama, ni rahisi.' Nikamwuliza, 'Kwani nanuka?' Akarudia tena, 'Sabuni tamu.' Nikamwachia duka lake. Kutoka nje tu, nikamwona fundi wa baiskeli na pampu za bluu zimening'inia. Mimi sijawahi kurudi mikono mitupu."

Sabuni tamu. Mimi ni dobi. Sabuni nazijua kwa majina na kwa tabia zake: ipi inatoa doa la mafuta, ipi inakula vidole. Ya tamu sijapata kuisikia. Na mtu wa duka la dawa atamuuzia vipi sabuni mtu mwenye shida ya kifua?

Hapo nikasikia kimya. Chiriku alikuwa ameweka pampu chini, mabega yamepanda. Nikamkalisha mapajani, nikampa mvuto mmoja, tukahesabu vidole, nikampa wa pili. Sita. Nilikigeuza kile kidude mkononi nikimsikiliza anavyopumua, kwa kuwa macho yalihitaji pa kukaa. PUMZILIN, herufi kubwa, nyekundu. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, herufi ndogo kama sisimizi. Mwaka mzima nimekishika kila siku na sijawahi kuusoma. Nikaanza kuusoma kwa sauti, kwa kukatakata, kama tulivyofundishwa kusoma neno geni.

"Sal... bu... ta... mol."

Chiriku akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba bado, lakini ilikuwepo.

"Mama, umesema sabuni tamu."

Shangazi akaruka. Beseni likabiringika mpaka mlangoni. "Hiyohiyo! Ndivyo alivyosema! Sabuni tamu!"

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, tulikuwa duka la dawa la mtaani kwetu: mimi na cheti cha daktari, Chiriku mgongoni, na shangazi aliyekuja na pampu yake kwapani kwa sababu, alisema, huenda njiani tukapata mteja. Nje ya duka iliegemezwa baiskeli ya mfamasia, tairi la nyuma limelala, halina upepo.

Nilikuwa nimeyarudia maneno yale njia nzima nisikosee.

"Daktari, shikamoo. Una sabuni tamu?"

"Mimi si daktari, ni mfamasia," akasema, kama anavyosema kila siku. "Sabuni ziko kule, karibu na dawa za meno."

"Salbutamol!" nikajirekebisha, jasho linanitoka. "Ya kuvuta. Hata kama si Pumzilin."

Akanitazama upya. Akachukua cheti, akakisoma, akainamia rafu ya chini kabisa, akatoka na kiboksi cheupe kisicho na picha yoyote. Akakiweka kando ya kile kidude changu, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: neno lilelile, kipimo kilekile; Pumzilin lilikuwa jina la biashara tu. Bei ilikuwa mshahara wangu wa siku moja na nusu.

"Ilikuwepo hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

Akakuna shingo. "Kila mtu huja ametaja jina la kwenye tangazo. Nami nampa alichotaja." Nikaona limemwingia. "Nilipaswa kukuambia, mama Chiriku. Kweli."

Lakini shangazi alikuwa bado kwenye bei. "Siku moja na nusu? Kule ni siku moja! Mbona kitu kilekile?"

"Kule ni kule, mama. Serikali yao inanunua shehena nzima kwa mkupuo, inapatana na kiwanda. Huku sisi tunanunua kidogokidogo, kupitia mikono mingi. Dawa ni ileile, bei inategemea umesimama nchi gani."

"Basi nipe bei ya mwisho."

"Dawa haina bei ya mwisho."

Shangazi akageuka akalitazama lile tairi kupitia mlangoni, akaitazama pampu kwapani mwake, kisha akailaza taratibu juu ya kaunta.

"Baiskeli ile ya nani?"

"Yangu. Unauza hiyo? Bei gani?"

Akataja. Mfamasia akashika kaunta.

"Mama! Hiyo bei ya wapi?"

"Ya hapa."

"Na kule uliinunua kwa ngapi?"

"Kule ni kule," akasema shangazi kwa upole mkubwa. "Pampu ni ileile. Bei inategemea umesimama nchi gani. Si wewe umenieleza sasa hivi, daktari?"

Kwa mara ya kwanza hakusema yeye si daktari. Walivutana kidogo, kwa heshima ya pande zote, na mwisho pampu ikabaki kwake, kiboksi cheupe kikaja kwetu, nami nikaongeza mshahara wa nusu siku tu. Tulimwacha amechuchumaa nje na koti lake jeupe, anavuta, kisha anasukuma.

Njiani Chiriku aliomba ashike pampu yake mpya. Nikampa. Kidirisha kilisoma mia mbili. Akaongea kuhusu baiskeli, kuhusu koti jeupe, kuhusu kama sisimizi wana kifua, maneno yakinimwagikia shingoni bila kituo.

"Mama, tukiimaliza hii tutanunua sabuni tamu nyingine?"

"Tutanunua."

"Yenye harufu gani?"