Paa la Luka

Igamba haikosi fundi wa kuezeka nyumba. Kinachokosekana ni fundi wa kuezeka nyumba iliyokwisha kuezekwa na mwenzake. Erica hakulijua hilo mpaka mvua zilipomlazimisha ahamishe kitanda cha mama yake kutoka pembe hii ya chumba kwenda pembe ile, na kila alikokipeleka, tone likakifuata.

Mama yake, Tumpe, alikuwa na kifua. Alikohoa usiku kucha, na asubuhi blanketi lake lilikuwa na unyevu ambao moto wa jikoni haukuweza kuumaliza. Daktari wa zahanati alisema waziwazi kwamba bibi huyu akiendelea kulala kwenye unyevu, dawa hazitamsaidia.

Basi Erica akamwita jirani yao Rubeni, fundi aliyeezeka nusu ya nyumba za pale. Rubeni akaegemeza ngazi ukutani, akakanyaga kipago cha kwanza, akasimama, akauliza kwa desturi ya ufundi, ingawa jibu alilijua.

"Paa hili aliezeka nani?"

"Luka, kaka yangu."

"Yu hai?"

"Yupo Saza, anachimba dhahabu."

Rubeni akashusha mguu. "Basi aje mwenyewe. Paa la fundi aliye hai siligusi, dada Erica. Ndivyo tunavyokwenda sisi mafundi wa huku. Nikigonga msumari wangu kando ya wake, likivuja kesho tutagombana. Akiniruhusu, hata sasa hivi napanda."

Erica akampigia Luka. Mara hapatikani, mara simu inaita mpaka inakata. Siku alipopokea, sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayekuja kuposa. "Dada, asiguse mtu. Wiki ijayo nakuja, namalizana nalo mwenyewe." Wiki ijayo ikaja, ikapita, ikazaa wiki ijayo nyingine.

Akaona amtafute fundi wa mbali, asiyemjua Luka. Akampata Yesaya, wa kule kata ya Ruanda, akaja na pikipiki na vifaa vyake vyote. Alipotajiwa jina la Luka akaanza kufunga begi lake upya, kwa heshima zote. Walijifunza kazi pamoja, alisema, hawezi kumfanyia hivyo. Erica alitamani kumrushia lile begi. Mwanaume mzima na nyundo yake anamwogopa mtu ambaye hata hayupo!

Lakini aliyemchosha kuliko wote alikuwa mama yake.

"Hao mafundi wana adabu," Tumpe alisema kutoka kitandani. "Paa hili aliniezekea mwanangu. Atakuja."

"Mama, tangu mvua za mwaka juzi anakuja."

"Atakuja." Akalisogeza mwenyewe sufuria lililokinga matone kando ya mto wake, taratibu, kama anayemsogezea mgeni kiti.

Alasiri moja mvua ilinyesha kwa hasira. Erica aliporudi kutoka shambani alimkuta mama yake ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, khanga imelowa chapachapa, meno yanagongana. Tumpe akataka kusema kitu juu ya Luka, kikohozi kikamkatiza.

Mvua ilipokatika Erica alichukua nyundo, akapanda ngazi, akaanza kung'oa. Bati la kwanza likaangukia kwenye mibuni, la pili likalifuata. Alikuwa analia na hakujali nani anamwona. Majirani wakatoka, Rubeni akiwa mbele yao.

"Dada Erica, umefanya nini?"

"Hapa sasa hakuna paa la Luka. Kuna chumba kisicho na paa. Chumba kisicho na paa mnaezeka, au nacho kina mwenyewe?"

Rubeni alitazama mbao zilizobaki wazi, akatazama mawingu, akaenda kuchukua vifaa vyake. Mabati mapya yalikuwa yameegemea ukutani tangu Erica alipouza kahawa yake. Kabla giza halijaingia chumba kilikuwa kimefunikwa. Tumpe hakushukuru. Aligeukia ukutani, na Erica akajisikia vibaya, kwa sababu alijua si bati tu alilomng'olea mama yake.

Habari zikafika Saza upesi kuliko simu zote alizowahi kupiga Erica. Haikupita hata wiki, pikipiki ikasimama uani. Luka akashuka na mabuti yake yenye tope la mgodini, asisalimie mtu, macho juu.

"Nani kagusa paa langu?"

Kikohozi cha mama yao hakikumleta, ila misumari ya Rubeni imemleta. Erica alikuwa ndiyo anafungua kinywa amwambie hayo, Tumpe alipotokea mlangoni, ameshikilia mwimo.

"Shikamoo, mama," Luka akakumbuka.

"Marahaba."

Tumpe alimtazama mwanawe usoni. Kisha akainua macho kwenye yale mabati mapya.

"Kumbe ndivyo unavyoitwa ukaja," alisema. "Ningejua, ningeling'oa mwenyewe tangu mwaka juzi."