Vinundu vya Mvule

Mbaya wa miche yake ni nani, Skolastika hakuhitaji kuambiwa. Pale Mwandiga, mtu pekee aliyekuwa na bomba la kunyunyizia dawa ya magugu karibu na kitalu chake alikuwa Mzee Pastory, jirani wa miaka thelathini. Tangu anyunyizie shamba lake la mahindi, miche mia tatu ya mvule ilianza kuota vinundu vya kijani kwenye ncha, vinene kama harage bichi. Siku chache baadaye ncha zinaoza. Na mwaka huo mzima Skolastika alikuwa ameutegemeza kwenye kitalu hicho.

Basi akaanza kumchunga mzee wa watu. Pastory akikohoa ng'ambo ya ua, yeye anasikia kicheko. Akisalimia, anajiuliza furaha hiyo ya nini. Mwisho akahamisha viriba vyote, vile vifuko vya miche, kimoja kimoja, akavipanga nyuma ya nyumba chini ya mvule mkubwa, mama wa miche ile, ambako angeviona hata akiwa jikoni. Vinundu vikaongezeka maradufu. Kumbe mtu huyu anaingia hadi uani kwake. Skolastika akaenda kwa mtendaji wa kijiji na kusema mbele za watu kwamba Pastory anamtilia sumu. Neno hilo, huku, halisemwi kwa mzaha.

Afisa misitu aliyeletwa kuangalia alikuwa Hasna, binti wa Ujiji. Skolastika akamshuku naye. Mbona kawahi hivyo, kwani katumwa na nani?

"Shikamoo, mama. Naomba wembe."

Akapasua kinundu kimoja. Ndani mlikuwa na kichumba, na ndani ya kichumba mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, ametulia kama mwenye nyumba.

"Huyu ndiye aliyekuharibia, mama."

"Kadudu haka kauvimbishe mti? Dawa ya yule mzee ndiyo inapinda majani, nimeona kwa macho yangu."

"Hukuwaza ovyo. Dawa ile huiga homoni ya mmea, ile inayouamuru mmea ukue. Lakini dawa haijengi chumba. Wadudu wa vinundu, wengine wamekutwa na homoni hiyohiyo mwilini, na wanaitengeneza wenyewe. Wataalamu wanadhani mababu zao walikuwa wanafyonza utomvu tu. Waliojaliwa homoni nyingi zaidi waliufanya mmea uvimbe na kuwaficha, wakapona, wakazaa. Kizazi baada ya kizazi, mpaka mti ukawa unawajengea nyumba bila kujua unamjengea nani."

"Na hawa wangu wametoka wapi?"

Hasna akainua macho kwenye mvule mkubwa. "Wanaishi hapo juu. Wewe umewasogezea chakula mlangoni, mama."

Aibu ilimshika Skolastika. Alikwenda kwanza kwa mtendaji akafuta maneno yake, kisha akapitiliza kwa Mzee Pastory. Alimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shemeji, nimekukosea. Ni mdudu. Nimeshamwambia na mtendaji."

"Nimesikia," Pastory akasema. "Kaa."

Akaingia ndani, akatoka na togwa kikombeni. Tangu walipomzika mume wake, Skolastika amekunywa katika nyumba hii mara zisizo na idadi. Kikombe kinakuja, anakunywa, maneno yanaendelea. Mwenyeji kuonja kwanza ni mambo ya wageni, ya watu wasiojuana, au ya watu waliowahi kushukiana.

Mzee Pastory alikiinua kikombe, akapiga funda moja, akalimeza huku akimtazama. Akangoja kidogo. Kisha akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji. Hakina kitu."

Skolastika alikipokea, akanywa huku machozi yanamtoka, na mzee hakumwambia anyamaze.