Kitabu cha Fundi Yohana

Kwa maelezo ya jirani Leonce, ndege ya kunyunyizia dawa iliangushwa na kweleakwelea wenyewe. Ati ndege wale waliona dawa imewazidi, wakafanya kikao kwenye migunga, kisha wakamvamia rubani kwa maelfu na kumziba macho.

"Nilikuwepo," Leonce aliapa, bakuli la togwa mkononi. "Niliwaona wakipeana zamu."

Selina alicheka, akaendelea kupepeta maharage. Siku ya ajali ilikuwa ya mnada, na Leonce alikuwa Karatu mjini akitafuna mbuzi choma na fundi wa ndege, Yohana, mjomba wake Selina. Aliyekuwepo shambani ni Selina mwenyewe, anayepiga pampu ya maji ya kuchanganyia dawa. Aliisikia injini ikikohoa mara mbili, kisha kimya. Ndege ikashuka kama kuku aliyerushwa kutoka darini, ikalala kwenye mbaazi za huyuhuyu Leonce. Rubani Clemensi akatoka na mkwaruzo puani, akauliza kama kuna uji.

Uji alipewa, watu wakacheka. Lakini leo mkaguzi wa ndege anakuja kutoka Arusha, na Clemensi hacheki. Baridi ya huku juu hukusanya maji ndani ya tenki la mafuta, maji ambayo huzima injini, na ni kazi ya fundi kuyatoa kila asubuhi, kisha aandike kitabuni. Clemensi husoma kitabu ndipo aruke. Siku ile kitabu kilisema maji yametolewa. Mafuta yenyewe yalimwagika yote ardhini, hakuna cha kupima. Kitabu kikiaminiwa, kosa ni la rubani, na leseni yake inakwenda.

Selina alimkuta mjomba wake stoo, akikipangusa kile kitabu kwa kiwiko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeniletea chai?"

"Nimekuletea swali. Asubuhi ya mnada ulitoa maji saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Si imeandikwa?"

"Saa kumi na mbili ulishapanda lori la mbuzi. Ulinipungia mkono."

Yohana akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Kila mkesha wa mnada alikuwa na desturi yake: jioni anaandika kazi za kesho, zote "sawa", ili asubuhi awahi mbuzi wa wafugaji wa Endulen kabla madalali hawajawagusa. Selina alikuwa ameyaona hayo miezi minane, amenyamaza.

"Wewe na darasa lako la saba," Yohana alisema, "nani alikufundisha ukaguzi?"

"Darasa la saba tulifundishwa tarehe, mjomba. Kesho haiandikwi leo."

Safari hii hakucheka. Nje, gari la mkaguzi lilikata kona kwenye miti ya grevilea.

Selina akafungua ukurasa, akamsogezea kalamu. "Clemensi ana watoto wanne, na hajui kazi nyingine. Andika tu kwamba asubuhi ile ulikuwa mnadani. Nakuomba, mjomba."

Yohana alivua kofia, akaichungulia ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo, akaivaa tena. Mlango wa gari ukafungwa.