Hoteli Karibu na Kituo

Jumatatu nilikuwa naanza kujifunza kuendesha malori ya mgodini, yale ambayo gurudumu lake peke yake linamzidi mtu mzima kimo. Miezi sita kwenye mgodi wa Kinsevere, mimi Tracy, binti wa muuza samaki wakavu wa Pweto. Furaha ilininyima usingizi. Kampuni ilikuwa na sharti moja tu: basi lao linaondoka kituo cha taxi-bus alfajiri, halimngoji mtu, na anayeachwa mwezi wa kwanza anarudishwa kwao.

Baba naye alikuwa na sharti lake. Nilale kwa dada yake, shangazi Marie-Thérèse, huko Kasungami, pembezoni mwa mji. Kwetu mtu mwenye ndugu mjini halali hotelini; akilala huko, watu wataanza kuuliza ndugu wamemkosea nini, na kama ni msichana, anaficha nini.

"Ukilala ku hotel," aliniambia kwa simu nilipotaja hoteli za karibu na kituo, "rudia Pweto, uuzishe samaki na mama yako."

Ijumaa mimi na shangazi tukafanya jaribio la kuliwahi basi hilo. Tuliamka kungali giza, tukasimama barabarani, na kila taxi-bus iliyotupita ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Tulipofika kituoni, muuza mikate akatuambia basi la kampuni limekwenda zamani. Nililia pale pale, mbele za watu, wala sikuona haya.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, mnene, mkali, mtu anayemsahihisha hata padri. Aliniangalia mpaka nikaishiwa machozi.

"Panguza uso. Tutaangalia izi ma-hotel zako. Kuangalia aiko kulala."

Moyo ukaruka. Nilijua amekubali ili apate kuzikataa zote, moja baada ya nyingine, mtoto akililia wembe mpe, lakini potelea mbali.

Ya kwanza ilitazamana na kituo. Muziki wa baa ulikuwa unapigwa asubuhi ile ile, na kijana wa mapokezi akatuuliza tunataka chumba kwa masaa mangapi. Shangazi alimkazia macho mpaka kijana akainamisha kichwa, kisha tukatoka.

Ya pili ilikuwa na bwawa la kuogelea na maua ya plastiki, lakini ilikuwa mbali na kituo, na wageni hawakuruhusiwa kupika hata ugali.

"Miezi sita bila bukari?" shangazi akamwuliza mwenye hoteli. "Iko hotel ao iko hôpital?"

Alitoka pale anatabasamu, na mimi nikaanza kukasirika. Alikuwa anafurahia kushindwa kwangu.

Ya tatu ilijificha kando ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara kutoka kituoni. Ukisimama mlangoni unawasikia makondakta wakiita abiria. Mwenyewe, Mama Mukuka, alipangisha kwa mwezi tu, na wapangaji wake walikuwa wauguzi na walimu. Jikoni mwanamke mmoja alikuwa anasonga bukari, na sombe ya majani ya muhogo ilikuwa motoni. Shangazi akafunua sufuria ya watu bila kuomba, akaonja, akaongeza chumvi. Hakuna aliyemkataza. Nikakimbia kwenda kuona chumba: kitanda, meza, na dirisha lililoelekea kituo chenyewe. Nilirudi jikoni nikicheka peke yangu kama mwehu.

Shangazi alikuwa amekaa, hacheki.

"Nyumba iko muzuri," akasema. "Bantu ba hapa ni ba heshima. Lakini papa yako nitamwambia nini? Mi siwezi bongopa ndugu yangu."

Furaha yote ikaniisha. Nilimjua: angeweza kuniombea msamaha, kunililia, kunipa hata chakula chake, lakini uongo hangesema. Nikachukua mkoba wangu ili twende.

"Unaenda wapi?" akaniuliza. Kisha akamgeukia Mama Mukuka. "Unipe kwanza ufunguo."

Akaingia chumbani peke yake, akafunga mlango. Mimi na Mama Mukuka tukabaki nje tukitazamana. Tukasikia viatu vikivuliwa, na kitanda kikilalamika chini yake.

"Kama kuko muntu inje," sauti ikasema, "apige odi."

Nikapiga hodi. Shangazi akafungua akiwa peku, kitambaa cha kichwa amekifungua, ametulia kama mtu aliyekaa humo miaka.

"Karibu kwangu, mutoto. Ingia, ukae."

Nikaingia, nikakaa. Hapo ndipo alipotoa simu akampigia baba.

"Ndugu yangu, Tracy iko kwangu. Minamupokea muzuri." Akasikiliza kidogo. "Basi? Aiko mbali. Mi minaiona ku dirisha."

Nilisikia baba akimshukuru, na akamshukuru tena. Nilijifunika uso kwa mikono nisije nikacheka au nikalia. Shangazi akafunga kitambaa chake, akavaa viatu, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Minarudia Kasungami," akasema. "Unichungie nyumba yangu."