Pampu ya Kutafutia Mavujo

Umma wote wa Ristisuo na vitongoji vyake unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba ifuatayo ni habari kamili ya Mtambo wa Kupimia Mfumo wa Kupozea Injini, uliobuniwa, ukasanifiwa na kukamilishwa na Tyyne Rasinkangas pasipo msaada wa chuo chochote. Mtambo wenyewe ulikuwa pampu ya baiskeli.

Ilikuwa pampu ya rangi ya waridi, imeunganishwa kwa mpira mwembamba na kizibo kikuukuu cha rejeta ambacho Tyyne alikitoboa katikati akakipachika nozeli ya tairi. Njiani kwenye mpira aliweka geji aliyoing'oa kwenye mtungi wa kupulizia dawa ya viazi. Unafunga kizibo kwenye rejeta, unasukuma, unatazama mshale. Mshale ukitulia, mfumo ni mzima. Ukishuka, kuna mahali panavuja, nawe unachukua kitambaa na kwenda kupatafuta.

Vifaa vyake vingine vilikuwa vya ukoo huohuo. Mipira iliyogandia aliing'oa kwa bisibisi aliyoipasha moto akaikunja kama ndoano. Kwa klipu zilizojificha nyuma ya injini alikuwa na koleo lenye mkono mrefu wa waya wa breki. Thamostati, vali za maji ya injini, alizichemsha jikoni ili aone kama zinafunguka, katika sufuria ileile ya uji wa shayiri, na wageni wa Tyyne walijifunza mapema kukataa uji kwa adabu. Hakuna aliyemcheka. Ristisuo ni pande za kaskazini mwa Ufini, duka la vipuri liko mbali, na mtu anayenunua kitu ambacho angeweza kukikunja mwenyewe anahesabiwa kuwa mgonjwa.

Kaka yake Tyyne, Oiva, alikufa vuli iliyopita kwenye mbio za magari chakavu. Mbio hizi zina sheria moja inayozifanya ziwe za kila mtu: zikiisha, dereva yeyote aliyeshiriki anaweza kuomba kununua gari la mwenzake kwa bei moja iliyopangwa kwa magari yote, na mwenye gari haruhusiwi kukataa. Akikataa, ananyang'anywa leseni. Hivyo hakuna anayejisumbua kujenga gari la kifalme. Lakini Ristisuo walikuwa na desturi iliyokaa juu ya sheria, nayo ni kwamba gari la Kalervo Hautakoski haliombwi. Kalervo alikuwa mwenyekiti wa klabu, mwenye kiwanda cha mbao kilichoajiri nusu ya kijiji, na mwenye mikono mipana kama milango ya sauna.

Oiva aliliomba. Kabla kahawa haijapoa alikutwa nyuma ya magari, mbavu zimevunjika, taya limehamia upande. Ikaelezwa kwamba alikuwa chini ya gari lake na jeki likateleza.

Tyyne alikwenda kwa askari, Bwana Tervahauta, akamweleza kwamba jeki la Oiva siku ile lilikuwa gerejini kwa Tyyne, chini ya gari la mchungaji. Askari akafikiri, akasema basi lilikuwa jeki jingine. Tyyne akamwendea Hilkka Pesonen, ambaye banda lake la soseji linatazamana na mahali penyewe. Hilkka akasema moshi wa soseji ulikuwa mzito. Katibu wa klabu akasema alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Ilibainika kwamba kijiji kizima siku ile kilikuwa kimeinama kikifunga kamba za viatu.

Tyyne hakudai Kalervo afungwe. Alitaka mtu mmoja tu aseme, kwa kinywa chake, kwamba Oiva alipigwa. Kwa fundi wa Ristisuo, kufa chini ya jeki ni aibu kuliko kufa kwa ulevi. Mlevi husikitikiwa. Aliyeangukiwa na gari lake mwenyewe hufanywa mfano kwa watoto, na watoto walikwisha kuanza kufundishwa kwa jina la Oiva.

Kwa hiyo majira ya baridi yote alijifunza kuendesha, akapata leseni, na Jumapili moja ya Aprili, theluji ikiyeyuka na mvua ikinyesha, akaingia mashindanoni na gari la marehemu.

Mbio zilikuwa za kawaida. Gari moja lilibiringika hadi kwenye uzio, na dereva wake akatoka akatafuta meno yake kwenye matope. Aliyapata karibu yote. Kalervo alimgonga Tyyne ubavuni kwenye kona ya kwanza, akamgonga kwenye ya pili, akaendelea hivyo bila haraka mpaka mlango wa gari ukamkalia Tyyne mapajani. Kalervo akawa wa kwanza. Tyyne akawa wa mwisho, lakini alimaliza, na anayemaliza ana haki ya kuomba.

Katibu alisoma maombi kwenye kipaza sauti. Alipofika kwenye gari la Kalervo akasoma jina la Tyyne, akakohoa, akalisoma tena polepole, kama anayempa jina nafasi ya kubadilika. Halikubadilika. Mwombaji mwingine hakuwapo.

Kalervo alikuja na kikombe chake cha kahawa.

"Tyyne dada yangu," alisema, "kaka yako naye alikuwa na masikio kama hayo yako. Makubwa, na hayasikii."

"Funguo, Kalervo."

"Gari si sufuria ya uji, mama."

"Ningetaka sufuria ningemwomba mkeo. Lete funguo."

Alizirusha kutoka karibu sana. Zilimpiga mdomoni zikamvunja jino la mbele. Hilkka akasema kutoka bandani kwamba Aprili vidole huwa na ganzi, vitu huteleza. Tyyne akatema jino kiganjani, akalitia mfukoni, akaokota funguo. Kisha akachukua lile koleo la waya, akabana kidole cha shahada cha Kalervo kama abanavyo klipu ya nyuma ya injini, akakaza mpaka kikatoa mlio mkavu. Kalervo akaweka kikombe chini kwanza, maana kahawa ilikuwa bado nzuri. Halafu akamwangusha Tyyne kwa ngumi ya sikio na kuanza kumpiga mateke, ya mbavu na ya mgongo, kwa mpangilio, akihema kama mtu anayepasua kuni. Watu waliokuwa karibu wakainama kufunga kamba za viatu. Alipochoka aliokota kikombe chake.

Tyyne alijishika kwenye bampa akasimama. Gari lilikuwa lake sasa, nalo lilikuwa likitoa mvuke. Akangoja lipoe, akafungua boneti, akafunga kizibo chake kwenye rejeta, akasukuma pampu ya waridi. Mshale ukapanda. Ukashuka.

Chini ya mpira wa juu ilitoka damu, ikichuruzika polepole juu ya maji ya kijani.

Katibu aliinama akatazama. "Damu hiyo," alisema.

"Ni gasketi ya hedi imeungua," akasema askari Tervahauta, aliyekuwa zamu pale uwanjani.

"Gasketi ya hedi hutoa mafuta," akasema Tyyne.

"Basi ni gasketi ya zamani."

Damu ilinuka sabuni ya lami, ile aliyoogea Oiva saunani kila Jumamosi, na waliokuwa wakioga naye waliitambua mara moja. Mmoja akasema sabuni hiyo siku hizi haipatikani. Hilkka akaja na kopo la unga wa haradali, kwa sababu rejeta ikivuja Ristisuo hutiwa haradali: unga huvimba kwenye maji ya moto ukaziba tundu, na mambo ya mbele huachiwa mbele. Tyyne hakumzuia. Hilkka akafungua kizibo, akamimina, injini ikawashwa kidogo, na damu ikakata. Kila mtu akaona kwamba kazi imekwisha.

Tyyne akafunga kizibo tena akasukuma. Mshale ukapanda, ukashuka.

Gari lilikuwa kavu. Alipitisha kitambaa kwenye kila kiungo, kwenye pampu ya maji, kwenye mipira ya hita, chini ya sakafu. Kavu. Fundi anajua kwamba mshale haushuki bure. Kama hapavuji hapa, panavuja pengine katika mfumo uleule, na anayefuata mfumo hadi mwisho atapakuta. Akanyanyua kitambaa chake akaendelea kutafuta, na kiungo kilichofuata kilikuwa pua ya Hilkka Pesonen.

Ilikuwa ikitona juu ya aproni. Tyyne akaifuta, akanusa kitambaa. Sabuni ya lami.

"Ulikuwa ukitazama, Hilkka?"

"Moshi ulikuwa mzito, Tyyne," alisema Hilkka, na pua ikaongeza kasi.

Pua ya katibu ilivuja kwa matone makubwa juu ya karatasi za matokeo. Vijana wawili wa kiwanda cha mbao walivuja kwa tundu mojamoja. Dereva mmoja mgeni, ambaye vuli ile hakuwa amefika, alikuwa mkavu, akasimama akila soseji na kutazama wenzake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Askari Tervahauta alivuja kuliko wote. Alisema ni hewa kavu ya Aprili, mvua ikimdondokea kwenye kofia, na waliokuwa wakivuja wakakubaliana naye kuhusu hewa.

Tyyne akamfikia Kalervo. Akampangusa chini ya pua kwa upande safi wa kitambaa, kwa uangalifu, kama kiungo kingine chochote. Akakitazama kitambaa. Akarudi kwenye pampu akaongeza shinikizo hadi geji ikagota, akampangusa tena. Hakuna hata unyevu.

"Mzima," alisema.

Kalervo akasema angeweza kumwambia hivyo tangu asubuhi. Watu walifurahi kwamba angalau mwenyekiti hana tatizo. Hilkka akakanda haradali na maji kidogo, akapitisha bakuli, na kila mtu akachukua donge akaziba pua yake. Iliwachoma, machozi yakawatoka, na kwa mbali mtu angedhani kwamba hatimaye wanamlilia Oiva.

Tyyne aliwauliza mmoja mmoja kama yupo wa kusema. Walimjibu kwa mdomo, kwa sauti za mafua, kwamba jeki liliteleza.

Mshale ulikuwa bado unashuka. Tyyne akatazama huku na huku, akaufuata uwanja hadi mwisho, penye rundo la matairi, akasimama. Tone lilianguka mbele ya kiatu chake. Lilitoka juu ya rundo. Akainua kichwa.

Hapa msimulizi angependa kukumbusha kwamba msimulizi hana mwili, hana pua, na huwa hayupo mahali popote. Bahati mbaya nilikuwa nimevaa shati jeupe la shule ya bweni, na lilikuwa limeharibika hadi kitovuni.

"Hewa kavu," nilimwambia.

Tyyne hakubisha. Alirudi kwenye gari, akasukuma pampu mara moja, akanitazama kutoka kule.

"Siku ile nilikuwa hapahapa juu," nikasema. "Nilipanda ili niwatupie watu mabonge ya theluji ya kwanza. Nilimwona Kalervo. Alimpiga Oiva kwa mpini wa jeki. Jeki lenyewe halikuwapo. Oiva alimwambia basi, Kalervo, basi, nimeliacha gari. Alisema mara nyingi. Mimi nikalala kifudifudi nisionekane."

Kalervo alikuwa akijaribu kunyoosha kidole chake. Tyyne alijifuta mdomo, akaniambia niteremke nimwambie askari.

Nikateremka. Bwana Tervahauta alikuwa amesimama ameinua kidevu, haradali imejaa matundu yote mawili, akitazama mawingu. Nikamwambia yote, tangu mwanzo, na kila neno lilinitoka pamoja na damu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa, akaniambia nirudishe kichwa nyuma nibane pua, itakata.